Nimeachiwa uratibu wa MEWAKA shuleni kwetu. Mada za muhula nazichaguaje?

Chaki_Kishapu

Habari zenu walimu.

Niko shule ya msingi wilaya ya Kishapu, nafundisha Hisabati na Sayansi madarasa ya juu. Mwenzetu aliyekuwa mratibu wa MEWAKA amehamia Geita, na Mwalimu Mkuu kanikabidhi faili lake bila hata kuniuliza kama nina nafasi. Ndani ya faili nimekuta karatasi za mahudhurio, picha za walimu walioshika kalamu wakitazama kamera, na mihtasari ya vikao ambayo ukisoma mmoja umesoma yote: "Mada: Mbinu shirikishi. Wajumbe walijadili kwa kina. Kikao kilifungwa saa 9:30 alasiri."

Kwa walio nje ya Tanzania, MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu tunakutana shuleni kwetu kama jumuiya ya ujifunzaji (sisi siku yetu ni Jumatano baada ya vipindi), kuna ngazi ya klasta ambako shule kadhaa zinakutana, na moduli zipo kwenye mfumo wa mtandaoni wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania).

Sasa nimetaka kufanya tofauti na aliyenitangulia. Nikagawa vikaratasi, kila mtu aandike mada mbili anazotaka muhula huu. Kompyuta ndiyo iliyoongoza. Ikafuata Kiingereza. Wawili wameandika "zana" bila kusema zana za nini. Mmoja kaandika "mikopo na ujasiriamali", na mwandiko wake naujua. Mwingine kaandika "yoyote tu mwalimu".

Mwalimu Mkuu naye ana yake. Anataka andalio la somo na azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha), kwa sababu Wathibiti Ubora (wakaguzi wa shule) walipopita mara ya mwisho hawakuyapenda ya kwetu na waliyasema kwa maandishi. Afisa Elimu Kata ananiambia klasta ina ratiba ya moduli tayari, tusijianzishie mambo yetu.

Halafu kuna hili. Mwalimu wa Darasa la II hakuandika chochote kwenye kikaratasi. Kesho yake alinifuata stoo ya vitabu akaniambia karibu nusu ya watoto wake hawasomi, na darasa lina watoto tisini na kitu. Hakutaka kuyasema mbele ya wenzake kwa sababu kuna kikao cha tathmini aliwahi kuambiwa hadharani kwamba yeye ndiye anayewaharibia wengine msingi.

Nimsikilize nani kati ya hawa wote? Muhula mmoja unabeba mada ngapi? Na ya klasta naweza kuiweka pembeni bila kuonekana mkaidi?

---

Ticha_wa_Zamu

Mwalimu, chukua ile ya mikopo. Mahudhurio yatakuwa asilimia mia na muda utaongezwa kwa maombi ya wajumbe wenyewe.

Utani pembeni: mada yoyote bila chai ni mateso. Mtu ameingia vipindi tangu asubuhi, saa nane mchana unamletea "mbinu shirikishi" na tumbo tupu. Changeni mia tano mia tano mnunue sukari na majani kwanza, hayo mengine yatafuata.

---

Mama_Masasi

Hukuamkia lakini marahaba, mwanangu.

Mimi nimestaafu. Nilifundisha Hisabati shule za msingi, baadaye nikawekwa Kituo cha Walimu kuratibu mafunzo ya kata zilizotuzunguka. Nimepita semina za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), nimepita mabadiliko ya 2015 Darasa la I na II lilipoingia KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu). Hivyo vikaratasi vyako navijua vizuri. Viwashie moto wa hiyo chai aliyoisema mwenzako hapo juu.

Siwadharau walimu. Mwalimu ukimuuliza anataka mada gani, anakutajia anachotamani au anachosikia wengine wakitaja. Kompyuta inatajwa hata shule ambayo nguzo ya umeme iko kilomita kadhaa. Sijawahi kuona kikaratasi kilichoandikwa "watoto wangu wakitoa 27 kwenye 52 wanapata 35 na sijui kwa nini". Na hilo ndilo linalomkera mwalimu kila siku! Ila yeye halihesabu kuwa mada. Anaita "darasa zito", anasahihisha, anafunga daftari, anaenda kunywa maji.

Kwa hiyo Jumatano ijayo usiende na mada, nenda na madaftari. Kila mwalimu abebe kumi hivi ya darasa lake, ayachukue kama yalivyokaa kwenye rundo, asichague yale yenye jalada la gazeti na mwandiko wa kupendeza. Na ya kwanza kufunguliwa mezani yawe ya kwako wewe mratibu. Hapo usilegeze. Ukianza na ya mtu mwingine, hasa huyo wa Darasa la II, kikao kimekufa na hutakifufua muhula mzima.

Nikueleze hiyo 52 kutoa 27, maana nimeitumia sana.

Mtoto wa kwanza anatazama mamoja. 2 kutoa 7 haiwezekani, basi anageuza: 7 kutoa 2 ni 5. Makumi, 5 kutoa 2 ni 3. Kaandika 35. Mtoto wa pili amekopa vizuri kabisa, 12 kutoa 7 ni 5, ila amesahau kwamba ile 5 ya makumi sasa imebaki 4. Anasema 5 kutoa 2 ni 3. Naye kaandika 35. Kalamu nyekundu imewapitia wote wawili sawasawa, na mwalimu anaandika ubaoni "masahihisho" na kurudia somo zima. Yule wa pili unamchosha kwa jambo analolijua. Yule wa kwanza bado hajaelewa kwamba kumi moja inafunguka ikawa mamoja kumi, na kurudia kwako kwa sauti kubwa hakutamsaidia.

Badilisha hesabu iwe 53 kutoa 27. Aliyegeuza atapata 34. Aliyesahau kupunguza atapata 36. Jibu ni 26. Umegusa tarakimu moja na watoto wamejipanga mistari miwili wenyewe.

Basi mada yenu iwe na ukubwa huo: tunatungaje hesabu za kutoa zinazotuonyesha mtoto amekwama wapi, na tukishajua tunamfanyia nini. Hiyo inawatosha vikao kadhaa. Kimoja cha kufungua madaftari na kubishana. Kingine cha kutunga maswali. Kisha mmoja wenu afundishe wengine wakikaa nyuma wakitazama watoto, narudia, watoto, maana mkianza kumtazama mwalimu mtaishia kumsifia suruali yake imepigwa pasi. Halafu mrudi mezani na madaftari mapya. Mada mbili za namna hiyo zinajaza muhula. Ukiona ratiba yenye mada tofauti kila wiki, ujue mtu anajaza faili.

Madaftari yakikupa picha finyu, NECTA (Baraza la Mitihani) wanatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali. Zipo kwenye tovuti yao, hulipii. Zimewekwa mpaka picha za majibu ya watoto, la aliyepata na la aliyekosa, na maelezo ya aliyekosa alifikiri nini. Nilipokuwa kituoni nilizichapa nikazibandika ukutani. Walimu wengi walikuwa wakiziona kwa mara ya kwanza.

Sasa wakubwa zako. Mwalimu Mkuu anataka andalio la somo? Atalipata. Lile mtakaloandika pamoja kwa ajili ya somo la kutoa ndilo andalio lenyewe, na litakuwa na maana kuliko mkikaa mnajifunza kujaza visanduku. Ya klasta usiikatae. Afisa Elimu Kata naye kuna anayemdai taarifa. Zisome moduli mapema, utakuta kuna sehemu inayogusa upimaji au umahiri wa Hisabati. Iombe hiyo ije wakati wenu, mifano iwe ya madaftari ya shuleni kwenu. Kiingereza kiache kwanza kisubiri muhula ujao, na hata hapo kitakuja kwa mlango huo huo wa madaftari. Kompyuta haihitaji kikao. Mtu akishindwa kufungua moduli, kaa naye hapo hapo kwenye simu yake. Kwani PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, mlijifunzia semina gani? Si mliulizana usiku wa mwisho mtandao ukiwa unazunguka?

Huyo wa Darasa la II mtendee peke yake, kimya kimya. "Hawasomi" ni neno pana mno, haliwezi kufanyiwa kazi. Mwambie amwite mtoto mmoja mmoja pembeni, ampe silabi, kisha ampe maneno yasiyo na maana kama "mone" na "tefu". Mtoto aliyekariri "mama" na "baba" kwa sura ya neno ataanguka hapo hapo. Anayepita hapo lakini anagoma kwenye "nga", "nya" na "mbwa" ni mgonjwa mwingine mwenye dawa nyingine. Na huko kwenu watoto wengi nyumbani ni Kisukuma mpaka wanapoingia getini. Anayesoma "kura" akatamka "kula" asiandikwe hajui kusoma. Muulize maana ya sentensi, utajua.

---

Fizikia_Mbeya

Shikamoo Mama. Niko na wewe robo tatu ya safari, hapo mwisho nashuka.

Madaftari yanaonyesha kilichofundishwa kikaeleweka vibaya. Kilichorukwa hakionekani. Mimi nafundisha Fizikia sekondari. Kila mwaka Kidato cha Kwanza nawauliza kuhusu saketi ya umeme, wananiimbia fasili bila kukosea hata neno. Nikiwapa betri, waya na balbu waiwashe, wanatazamana. Huko msingi madaftari yao yalikuwa na vema tupu, kwa sababu swali lilikuwa "Saketi ni nini?" na jibu lilikuwa ubaoni tangu asubuhi. Mratibu angefungua madaftari yale asingeona tatizo.

Pili, mtaala umebadilika, tusijifanye hatujaona. Ulipoanza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la I na la III, mwalimu aliyezoea Uraia na Maadili na Maarifa ya Jamii alijikuta ana Historia ya Tanzania na Maadili, ana Jiografia na Mazingira, na pengine kapewa Sanaa na Michezo kwa sababu tu anaimba kwaya. Huyu shida yake si kusoma makosa ya watoto. Hana maudhui. Na asiyejua maudhui haoni aibu darasani, anaruka tu. Kwa hiyo za kutoka juu siyo zote za kupuuzwa au za kuchomekea. Nyingine mwalimu anazihitaji na hawezi kuzisema, kama vile ambavyo yule wa Darasa la II hakusema.

Ushauri wangu kwa mleta mada: ukiweka madaftari mezani, weka na azimio la kazi pembeni. Tafuta mada iliyoko kwenye azimio na haina hata ukurasa mmoja kwenye daftari la mtoto yeyote. Uliza kwa upole. Utasikia "muda haukutosha", na mara nyingi maana yake ni nyingine.

---

Mama_Masasi

Marahaba. Hilo la kilichorukwa nimelipokea, tena nakuongezea ushahidi: sehemu zenye asili tofauti. Niliwahi kuzunguka shule za kata nzima nikitafuta daftari lenye kujumlisha nusu na theluthi, nikapata ya shule mbili. Kwingine kote mwalimu alikuwa amefika sehemu zenye asili moja, akafanya mazoezi mengi ya kutosha kujaza kurasa, akahamia maumbo.

Ila usinihamishie mjadala kwenye mtaala mpya. Mafunzo ya mtaala mpya ni ya kuitwa, kupewa na kuulizwa maswali. Jumatano ya shuleni ni ndogo. Ukiijaza maudhui ya masomo matatu mapya, atasimama mmoja asome moduli kwa sauti wengine wakisahihisha madaftari chini ya meza. Nimekaa vikao hivyo, na mimi nilisahihisha.

---

Ticha_Bungoma

Majirani, hamjambo. Mnalalamikia chai, na huku Kenya TSC, tume inayoajiri walimu, ilipozindua TPD (mafunzo endelevu ya walimu) mwaka wa 2021 mwalimu aliambiwa alipe shilingi 6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwake, katika moja ya vyuo vinne vilivyoidhinishwa. Moduli zilikuwa sita na kila moja ya miaka mitano. Fanyeni hesabu wenyewe mwalimu anayeanza kazi angemaliza akiwa na umri gani. Mada zilikuja zimepangwa, na hakuna aliyekuuliza darasa lako likoje. Walimu wengi tulipinga.

Nilichotaka kusema ni kuhusu huo mkutano wa watu kumi na kitu wenye mada moja. Kwa nini moja? Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, mimi ambaye nimesomea Kiswahili na Historia niliangukiwa na Sayansi Jumuishi kwa sababu hakukuwa na mtu. Shuleni kulikuwa na mikutano ya walimu wote kuhusu tathmini, na sikuambulia kitu maana sikuwa na cha kutathmini. Kilichoniokoa ni mwenzangu wa Kemia wa sekondari ya jirani. Tulikaa watatu, tukatenganisha chumvi na mchanga kwa sufuria, kitambaa na jiko la makaa, mpaka nikajua nitakapoulizwa na wanafunzi chumvi imeenda wapi nitajibu nini. Hiyo haikuingia kwenye rekodi yoyote ya maendeleo ya kitaaluma.

Mratibu, gawa watu. Wa Awali, la I na la II wakae kivyao na mambo yao ya kusoma. Wa juu wakae na hesabu. Mkutane wote mara moja moja tu.

---

Ticha_wa_Zamu

Miaka mitano mara sita... huyo angehitimu pamoja na mjukuu wake.

---

Chaki_Kishapu

Shikamoo Mama Masasi, na samahani kwa ile ya mwanzo. Habari kwa wengine. Nimerudi na yaliyotokea, halafu nina swali jipya.

Niliweka ya kwangu kwanza, Darasa la V, desimali. Ukurasa wa pili tu wamekuta watoto wameandika 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 kwa sababu 35 ni kubwa kuliko 4. Nilisahihisha mimi mwenyewe na sikuwa nimeona kwamba ni kosa la aina moja darasa karibu zima. Wenzangu walifurahi sana kuliona, na baada ya hapo madaftari yao yakaanza kutoka kwenye mifuko.

Tukaenda kwenye kutoa. Nilikuwa nimewaomba wa III na IV wawape watoto 53 kutoa 27 siku moja kabla. 34 zilikuwepo, 36 zilikuwepo, kama ulivyosema. Lakini Darasa la IV likaja na kitu ambacho hukukitaja: 16. Na si mtoto mmoja. Mwalimu wa IV alidhani wameigana. Mwalimu Mkuu akasema ni uzembe. Tukaita watoto wawili waliokuwa bado wanacheza uwanjani, nikamwambia wa kwanza afanye tena huku akisema kwa sauti.

Akakata ile 5 ya juu akaandika 4. Akaweka moja pembeni ya 3, ikawa 13. 13 kutoa 7, sita. Mpaka hapo sawa. Halafu akashuka kwenye 2 ya chini, akasema "nalipa", akaifanya 3. 4 kutoa 3, moja. 16. Wa pili akafanya vile vile na "nalipa" yake.

Ukimya ofisini. Kisha mwalimu wetu mkongwe, wa Darasa la III, akasema yeye huwafundisha hivyo: unakopa juu, unalipa chini, kama alivyofundishwa yeye. Wa Darasa la IV anawafundisha kukata juu na kupunguza. Mtoto akipanda darasa anabeba zote mbili, anapunguza juu na analipa chini. Wamekaa ofisi moja miaka yote hiyo, meza zinatazamana.

Ubishi uliofuata ulipita saa kumi na hakuna aliyeulizia muda. Chai ilikuwepo, Ticha wa Zamu, nakushukuru.

Ya Darasa la II: hakuleta daftari na sikumuuliza. Lakini tumekaa naye wakati wa mapumziko tukiwaita watoto mmoja mmoja na yale maneno yasiyo na maana. Wengi wanapita silabi za kawaida na wanakwama "ng", "mb" na "nj". Wapo wachache ambao hata irabu hazijakaa. Yeye alikuwa anawafundisha wote silabi za mwanzo kila siku. Sasa amewatenga, wale wachache anawachukua asubuhi kabla ya mstari. Ushauri wa Ticha Bungoma wa kugawa vikundi nimeupeleka kwa Mwalimu Mkuu, amesema ataufikiria, tunajua maana yake.

Swali: tuchague njia ipi ya kutoa? Mkongwe ameumia kidogo. Anasema amefundisha hivyo mpaka madaktari wametoka mikononi mwake.

---

Mama_Masasi

Sasa umepata mada. Hakuna kikaratasi kingekuletea hiyo.

Kwanza mtengenezeeni heshima yake huyo mkongwe, tena mbele ya wale wale waliokuwepo. Njia yake ni sahihi kihesabu. Ukiongeza kumi kwa 53 na ukaongeza kumi kwa 27, tofauti haibadiliki. Hicho ndicho "kulipa" kinachofanya: kumi ya juu imeingia kama mamoja, kumi ya chini imeingia kwenye makumi. Mwombeni asimame aeleze hivyo ubaoni. Huenda hata yeye alifundishwa aseme "nalipa" bila kuambiwa analipa nini, na wengi wa rika letu tulikuwa hivyo.

Kisha mkubaliane kukata juu, kwa sababu mbili za kawaida kabisa. Moja, fungueni kitabu cha kiada cha III na cha IV muone kinatumia njia gani, maana mtoto atakutana nacho nyumbani bila nyinyi. Mbili, vijiti. Fungeni mafungu matano ya vijiti kumi kumi na vitatu vya pembeni. Mtoto anayetakiwa kutoa 27 anakuta vitatu havitoshi saba, anafungua fungu moja kwa mkono wake, anaona yamebaki manne. Amekata 5 ikawa 4 bila kuambiwa. Kulipa chini kwa vijiti jaribu uone, utahangaika.

Watoto wa IV walioshika zote mbili msiwachape wala kuwacheka. Warudisheni kwenye vijiti wiki moja hivi, "nalipa" itaondoka yenyewe.

Na ile ya desimali ya kwako iweke ya pili. Mwambie mtoto aandike 0.4 kama 0.40, halafu umsikilize anachosema kabla hujamweleza chochote.

---

Fizikia_Mbeya

Hapo kwenye 16 nimekubali kushuka kwangu kituo cha robo tatu kulikuwa mapema. Ila azimio la kazi uliliweka mezani?

---

Chaki_Kishapu

Niliweka. Darasa la VI hakuna ukurasa wa takwimu. Mwalimu wake alisema muda haukutosha, nikakumbuka maneno yako nikanyamaza. Nitamfuata stoo.

Mama, la mwisho kabla sijatuma taarifa kwa Afisa Elimu Kata. Fomu ina kisanduku cha "Jina la moduli iliyojadiliwa" na hakuna moduli inayoitwa 16. Nijaze nini?

---

Mama_Masasi

Jaza "Hisabati: kutoa namba nzima, uchambuzi wa makosa ya wanafunzi". Ambatisha picha ya lile daftari, jina la mtoto ulifunike. Akikupigia simu kuuliza, mwambie aje Jumatano na chai ipo.